Pafu Lisilotazamwa

Kikohozi kile Dadacha Wario alikisikia kabla hajalifikia lango la zizi, akasimama palepale. Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Ng'ombe aliyevuta vumbi hukohoa kwa nguvu, akapiga chafya, akaendelea na mambo yake. Huyu alikuwa akikohoa polepole, kwa kujibana, shingo ameinyoosha mbele na miguu ya mbele ameitanua, kama anayeogopa mbavu zake zisimguse.

Dadacha alikuwa mkaguzi wa ng'ombe kwenye kituo cha kivuko, Garsen, mwaka wa hamsini na sita. Zizi lilikuwa ng'ambo ya mashariki ya mto, na afisi upande huu. Ng'ombe waliotoka kaskazini walikaa zizini siku chache, kisha wakaogeleshwa kuvuka Tana na kuswagwa kwa njia ya Tarasaa hadi Malindi. Kazi yake ilikuwa moja tu: awatazame, aseme ni wazima au ni wagonjwa. Mara hii walikuwa mia tatu na kumi, wote wa tajiri mmoja. Siku ya kwanza aliwahesabu saba wanaokohoa hivyo. Siku ya pili walikuwa kumi na wanne, na wawili walikuwa wamekufa.

Ilikuwa homa ya mapafu. Nani angemdanganya yeye, Muorma aliyezaliwa nyuma ya ng'ombe? Alikuwa na miaka tisa homa hiyo ilipoingia kwenye kundi la baba yake, themanini wakabaki sita, na mama yake akamaliza mwaka mzima akipita nyumba za watu na kibuyu kitupu. Dada yake Batula ndiye aliyemlea baada ya hapo, akimpa maziwa yeye kwanza na kunywa maji mwenyewe.

Na Batula sasa alikuwa mjane, anakaa karibu na Tarasaa na binti zake wawili na ng'ombe ishirini na wanne. Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yaliyobaki upande ule yalikuwa dimbwi moja, na njia ya kwenda Malindi ilipita kwenye dimbwi hilo hilo. Mia tatu hawa wakinywa pale, wakatemea mate pale, wakalala pale, basi ng'ombe wa Batula wamekwisha. Dadacha hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Alivuka mto akaenda afisini kwa karani.

Karani Fumo Miraji alikuwa mtu wa Kipini, mwenye kanzu isiyoguswa na vumbi hata Garsen, na mwandiko ambao Bwana Afisa aliusifia mbele ya wageni. Alikuwa akiandika, na hakuinua kichwa.

"Ng'ombe wale wana homa ya mapafu," Dadacha alisema.

"Umeyaona mapafu?"

"Nimesikia wanakohoa."

"Nimekuuliza, yakhe, mapafu umeyaona?"

"Nitayaonaje na ng'ombe amesimama?"

"Basi hukuyaona." Fumo alichovya kalamu kwenye wino. "Wale wawili waliokufa nimeandika uchovu wa safari. Wametoka mbali, maskini."

"Nipe ruhusa nimpasue mmoja."

Hapo Fumo akaweka kalamu chini. "Amri unaijua. Ng'ombe akifa zizini azikwe bila kupasuliwa. Kwa ajili ya usafi."

Usafi! Hebu nisikilizeni vizuri, maana mambo haya yalifanywa na watu wenye akili timamu. Sheria ilikuwa wazi: mkaguzi akiyaona mapafu mabovu kwa macho yake, mto unafungwa siku hiyo hiyo, hakuna ng'ombe anayevuka kwa miezi mitatu, na barua inakwenda mpaka Nairobi kueleza kwa nini nyama haikufika. Lakini sheria haikusema neno lolote juu ya mapafu ambayo hakuna aliyeyaona. Basi Bwana Afisa, Mzungu aliyesoma na kuhitimu, akatoa amri ya jembe: ng'ombe wafukiwe na ngozi zao. Yeye mwenyewe zizini hakutia mguu. Kila kundi lilipofika alipata barabara ya kukagua au kanga wa kuwinda, akarudi jioni na kuuliza mlangoni, "Karani, kuna jambo la kunijulisha?" Na alipokuwa akiuliza, mgongo ulikuwa tayari umegeuka.

"Hakuna, Bwana," Fumo alijibu kila jioni.

Msidhani Fumo alikuwa shetani. Angalau shetani tungejua namna ya kumkimbia. Kabla yake alikuwepo karani mwingine, Baya, Mgiriama mmoja mnyoofu kupita kiasi, aliyempasua ng'ombe miaka mitatu nyuma na kuandika alichokiona. Mto ulifungwa. Hakuna aliyemgombeza Baya. Walimhamisha tu, wakamhamisha tena, mpaka akajikuta hana kazi na hajui alikosa nini. Fumo alikuwa na mama mgonjwa Kipini na wadogo wanne. Alijifunza kwa Baya, akajifunza vizuri sana.

Dadacha alimtuma mtu Tarasaa amwambie Batula ahame. Jibu lilirudi siku ya pili: "Nihamie wapi? Malisho ya Ndera ni mbali, ndama hawawezi kufika. Zuia wewe huko, ndiyo kazi yako."

Ndiyo kazi yako. Aliingia zizini na kujaribu kuwahi mzoga mmoja alfajiri, lakini askari wawili wa kituo walikuwa wamekwisha chimba, na mmoja akamwambia kwa upole, "Mzee, usitutie matatani." Aliwaendea wachungaji waliokuwa wakiswaga kundi. Mkubwa wao, Guyo, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

"Guyo, unawasikia ng'ombe wako?"

"Ng'ombe si wangu. Ni wa tajiri."

"Lakini unawasikia."

Guyo alitazama mto. "Mimi masikio yangu yamezeeka," alisema. Na mtu huyo alikuwa anaweza kusikia ndama akilia nyuma ya kilima!

Ilibaki njia moja. Wachungaji wa upande ule hawaingizi kundi kwenye Tana na mamba wake bila kuchinja. Siku moja kabla ya kuvuka, ng'ombe mmoja anatolewa sadaka ukingoni, anaitwa ng'ombe wa maji, na kila aliyepo anakula: wachungaji, askari, watu wa afisi. Mkaguzi ndiye humchagua, ili asichinjwe mgonjwa. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe hakuna Mwislamu anayemgusa, na afisi ilitegemea hilo pia. Lakini ng'ombe aliyechinjwa kwa jina la Mungu lazima afunguliwe kifua. Amri ya jembe haikuwa na la kusema juu yake.

Dadacha akamchagua mtamba mwekundu, mmoja wa wale kumi na wanne. Guyo alipomwona mtamba anavutwa kwa kamba, alifungua mdomo, akaufunga.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mchana kweupe. Fumo alikuwa amevuka na kivuko, ameketi juu ya mkeka, kanzu ameipandisha isiguse mchanga, anasubiri ini lake kama ilivyokuwa haki ya karani. Askari walikuwepo. Guyo na wachungaji wake wanane walikuwepo. Dadacha alifurahi kuwaona wengi, ndiyo, alifurahi, maskini ya Mungu! Watu kumi na wawili, alijiambia, na kila mmoja shahidi.

Alichinja, akachuna, akapasua. Alipovunja mbavu, maji ya manjano yalimwagika juu ya mikono yake mpaka viwikoni. Pafu la kushoto lilikuwa limegandamana na mbavu, gumu, zito, lenye mabaka mekundu na meupe yaliyopangana kama sakafu ya msikiti wa tajiri. Ilimbidi alibandue kwa kisu. Akaliinua juu kwa mikono miwili.

"Haya! Tazameni! Karani Fumo, tazama!"

Fumo alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama tangu ubavu wa kwanza ulipolia, na sasa alikuwa anaelekea mtoni, mgongo wake mweupe ukipungua hatua kwa hatua.

"Nakwenda kutawadha," alisema bila kugeuka.

"Kutawadha saa nne? Kwa sala gani?"

"Kuna sala za sunna."

Dadacha aligeuka kwa askari. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mwingine alikuwa ameona kitu juu ya mti. Wachungaji walikuwa wameinama kuwasha moto, wote wanane, moto mmoja. Alibaki mtu mmoja tu anayemtazama, Guyo, na machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye zile ndevu nyeupe.

"Liweke chini, mwanangu," Guyo alisema. "Sote tuna watoto."

Dadacha aliliweka kwenye ndoo, akafunika kwa majani, akavuka nalo. Alilipeleka hadi afisini na kuiweka ndoo juu ya meza, kando ya daftari. Harufu ikajaa chumba.

"Kilichomo humo mimi sikijui," Fumo alisema. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. "Na ukikifunua nitafumba macho, wallahi, nitayafumba mbele yako kama mtoto. Dadacha, ndugu yangu, nisikilize. Kesho wanavuka. Watavuka ukisema na watavuka usiposema. Ukitia sahihi cheti cha afya, nakuandikia ruhusa ya siku nne, uondoke sasa hivi, uende kwenu Tarasaa ukafanye utakalofanya. Ukikataa, Bwana atakuweka ndani kwa kukaidi amri mpaka kundi lifike Malindi, na cheti atatia sahihi mtu mwingine. Chagua."

"Wewe una roho kweli?"

"Ninayo. Ndiyo maana nakupa siku nne."

Na hapa ndipo Dadacha alipofanya kosa lake, na mimi siwezi kumlaumu, ingawa nimejaribu. Alikuwa ameikumbuka ile dawa ya wazee. Watu wa ng'ombe wanaijua: unachukua kipande cha pafu bovu, kidogo kama punje ya mahindi, unampasua ng'ombe mzima ngozi juu ya pua, unakishindilia ndani, unafunga. Pua inavimba, ng'ombe anaugua kidogo, na akipona homa haimwingii tena. Serikali iliipiga marufuku. Dawa hiyo inataka siku ishirini ng'ombe awe salama. Yeye alikuwa na mbili kabla ya kundi kufika dimbwini. Lakini alikuwa na pafu, na pafu halikai kwenye joto. Kila dakika aliyobishana na Fumo lilikuwa linaoza ndani ya ndoo.

Akatia sahihi. Ng'ombe mia tatu na sita, wazima, mkaguzi Dadacha Wario. Mkono ulionuka lile pafu ndio ulioandika.

Alikwenda Tarasaa kwa miguu karibu kwa kukimbia, ndoo kichwani, majani akiyalowesha kila alipopata tope. Batula alipomwona alivyo, hakuuliza habari za nyumbani wala za safari. Alifunua ndoo mwenyewe, akatazama ndani. Alitazama kwa muda mrefu, mtu wa kwanza kufanya hivyo.

"Ndio ugonjwa ule," alisema.

"Ndio huo, dada. Nimeshindwa kuwazuia."

"Leta kisu."

Walifanya kazi jua lote, Batula akishika pembe, binti zake wakishika mikia, Dadacha akipasua na kushindilia. Ng'ombe ishirini na wanne. Kundi lilipokaribia waliwaondoa ng'ombe wao dimbwini na kuwashikilia nyikani siku mbili bila maji, ng'ombe wakilia, binti mdogo naye akilia. Wale mia tatu walikunywa, wakatemea, wakalala, wakaenda zao Malindi na cheti chao. Kisha kiu ikawashinda nguvu ng'ombe wa Batula, wakakimbilia dimbwi wote kwa pamoja, na hapakuwa na mtu wa kuwarudisha.

Pua zilivimba mpaka macho yakafichwa. Mmoja alikufa, akafuata mwingine, wakafika watano. Dadacha, aliyekuwa amerudi kazini na kuja tena kila alipoiba siku, hakujua hata mmoja wao aliuawa na nini, na dimbwi au na mkono wake. Hili lilimnyima usingizi. Lakini wiki ya nne Batula alimtumia salamu: uvimbe umeshuka, wanakula, hawakohoi, wale kumi na tisa waliobaki wamepona. Tena homa haitawagusa maisha yao. Dadacha alisikia salamu hiyo akiwa ukingoni, akakaa chini kwenye mchanga na kulia kwa sauti, mbele za watu.

Wiki hiyo hiyo barua ikaja kutoka Malindi. Huko, mchinjaji mmoja alikuwa amepasua ng'ombe, na bwana mmoja ambaye hakuwa amejifunza namna ya kutotazama alikuwa amepita hapo, akaona. Sasa barua ilikuwa inauliza, kwa mihuri miwili: homa hii imetoka wapi?

Loo, ungewaona! Bwana Afisa, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kukanyaga samadi, alipanda gari asubuhi hiyo hiyo na Fumo na askari sita. Walikagua kila boma la njiani. Waliona kila kitu. Hakuna unyasi uliowapita. Na pale Tarasaa wakaona ng'ombe kumi na tisa wenye makovu juu ya pua, na makaburi mapya matano ya ng'ombe.

Dadacha walikuwa wamemchukua pamoja nao, kama mkaguzi.

"Fukueni," Bwana Afisa aliamuru.

Wakamfukua yule wa mwisho kufa. Wakampasua kifua mchana kweupe. Fumo alichuchumaa karibu kabisa, kanzu kwenye udongo, akatazama pafu lililooza, akaandika, akatazama tena, akaandika. Bwana Afisa alisoma kwa Kiingereza na Fumo akatafsiri, macho yake yakiwa kwenye karatasi: homa ya mapafu imeonekana hapa. Wenyeji wameipandikiza kwa mikono yao, kinyume cha sheria. Kundi la kaskazini limeambukizwa lilipokuwa likipita.

"Uongo!" Dadacha alipiga kelele. "Uongo, Bwana! Ilitoka zizini kwetu! Nililibeba pafu mimi mwenyewe! Fumo, mwambie! Guyo alikuwepo, askari walikuwepo, mwambie, Fumo!"

Fumo hakutafsiri. Alitoa karatasi kwenye jalada lake na kuikunjua. Ilikuwa cheti. Ng'ombe mia tatu na sita, wazima.

"Bwana anauliza," Fumo alisema, "sahihi hii ni ya nani?"

Dadacha alitazama jina lake. Batula alikuwa amesimama kando yake, hajui kusoma, lakini aliuona uso wa ndugu yake.

"Ni yako?" alimuuliza kwa lugha yao.

"Ni yangu."

Amri ilikuwa tayari: ng'ombe wa boma lote wapigwe risasi, ili kuzuia maambukizo, leo hii.

"Wamepona, Bwana," Dadacha alisema, sasa kwa sauti ya chini, akimshika Bwana Afisa mkono wa shati, jambo ambalo hakuna mtu Garsen aliyewahi kulifanya. "Hawa wamepona. Hawa ndio ng'ombe wazima pekee njia nzima. Tazama, Bwana. Watazame tu."

Bwana Afisa aliondoa mkono ule kwa vidole viwili na kwenda garini kunywa maji.

Askari waliingia bomani na bunduki. Ng'ombe, wasiowazoea watu wa kofia nyekundu, walitoka mbio, wakatawanyika kwenye vichaka. Risasi ya kwanza ilimpiga mmoja mguu, akaanguka akapiga ukelele, akainuka akaanguka tena. Binti za Batula walikuwa wamejitupa chini, wameziba masikio. Batula alijaribu kuwaita ng'ombe wake, alifungua mdomo mara mbili, sauti haikutoka. Akamgeukia mdogo wake.

"Waite wewe," alisema. "Sauti yako wanaijua. Wakifa wakikimbia watateseka."

"Dada, siwezi."

"Ulichokuwa huwezi umekwisha kukifanya. Waite."

Basi Dadacha alisimama katikati ya boma, askari sita wakiwa nyuma yake, akaweka viganja mdomoni na kuanza kuita. Aliita kwa majina, mmoja mmoja, kwa ule wimbo wa jioni wa kuwarudisha nyumbani. Buure. Diima. Magala. Vichaka vikatikisika. Wa kwanza kutoka alikuwa Buure, ng'ombe jike wa madoadoa, mwenye kovu lililokauka vizuri juu ya pua. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Dadacha, akasimama mbele yake na kunyoosha ulimi, akidhani ameitiwa chumvi.